Picha ya mbegu za porini: uziue au uziache hai?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji, nakaa Mbagala, Dar es Salaam. Nimepata nafasi ya ukaazi wa wasanii kwa wiki sita, katikati ya Julai mpaka mwisho wa Agosti, kwenye kijiji kimoja chini ya milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Niliwaandikia kwamba nitatengeneza picha ya mita moja na nusu kwa mita moja kwa mbegu nitakazookota porini, bila rangi ya dukani. Wamekubali, na sasa naogopa. Niokote mbegu zipi? Nizibandike kwa nini? Nifanyeje zisiliwe na wadudu? Kuna mtu kanitisha kwamba kuokota mbegu msituni ni kosa. Na mwakani natamani kuipeleka Ujerumani kwenye maonyesho.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kuogopa si vibaya. Mimi sikuogopa, nikaaibika. Picha yangu ya kwanza ya mbegu ilianza kutema unga siku ya nne baada ya kutundikwa. Zilikuwa mbegu za mgunga, nimezipanga kama vigae vya bafuni, na nilijiona fundi kwelikweli. Mwenye ukumbi akanipigia simu: "Njoo uone, picha yako inatembea." Nikakuta vitundu vya mviringo, safi kana kwamba mtu kavitoboa kwa sindano ya moto, na chini ukutani mstari wa unga wa kahawia wenye vidudu vinavyohangaika kutafuta mlango. Nilitaka kuwalaumu wenye ukumbi kwa uchafu. Kumbe wadudu nilikuja nao mwenyewe. Hawa jamaa wa fukusi hutaga mayai juu ya ganda lingali mtini, funza akianguliwa hupenya mpaka ndani ya mbegu, na tundu aliloingilia ni dogo mno hata ukiigeuzageuza mbegu unaiona nzima. Niliwabandika ubaoni wakiwa hai, wakakaa humo wanakula mpaka wakakomaa.

Nimeanzia hapo kwa sababu maswali yako yote yana shina moja. Rangi ya kopo imeshakwisha mambo yake. Mbegu bado. Ina unyevu wake, ina akiba ya chakula iliyowekewa mche, pengine ina mgeni ndani, na muda wote inasubiri mvua. Kabla ya kuuliza gundi, kata shauri: mbegu zitakazokaa ubaoni mwako zitakuwa hai au zitakuwa zimekufa? Ukitaka ziwe hai, hutazichemsha wala kuzioka, na gundi yako lazima iwe ya kubanduka, kwa kuwa siku moja utataka kuzirudisha ardhini. Ukitaka zife, una uhuru mkubwa zaidi wa kutoboa, kukata na kupaka vanishi. Wasanii wengi hawakati shauri hilo, wanaokota na kubandika tu, kisha picha inajiamulia yenyewe wakati wao wameshalala.

Halafu kuna hesabu, na hii naomba uifanye leo kabla hujafunga begi. Ubao wako ni sentimita za mraba 15,000. Mbegu ndogo kama zile nyekundu zenye doa jeusi zinaenea kama nne kwenye sentimita moja ya mraba. Hizo ni mbegu 60,000. Ukiwa na mkono mwepesi, ukabandika 10 kwa dakika bila kupumzika, ni saa 100, na hapo hujahesabu siku za kuziokota, kuzichambua na kuzikausha. Wiki sita hazitoshi, na mgongo wako hautakusamehe. Punguza ubao uwe sentimita 70 kwa 50, mbegu 14,000 hivi, saa 23 au 24 za kubandika. Au baki na ukubwa uleule lakini acha sehemu kubwa ya ubao wazi. Mimi ningechagua la pili. Ubao uliojazwa pote huwa kama zulia, jicho halina pa kupumzika.

Sasa tuje Muheza. Mahali umepata pazuri, majira si sana. Utafika masika imekwisha lakini kipupwe hakijaondoka. Juu kule Amani, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, asubuhi utakuta ukungu na umande mpaka saa nne. Bondeni ni pakavu zaidi. Miti mingi ya jamii ya kunde itakuwa na maganda yanayoanza kukauka, na mengine hayatapasuka mpaka Septemba au Oktoba, wewe umeshaondoka. Kwa hiyo usifike ukaanza kuokota. Wiki nzima ya kwanza tembea mikono mitupu, na mtu wa pale kijijini, hasa akina mama wanaokwenda kuni na vijana wachunga mbuzi, maana wao wanajua mti gani umeshapasua na upi bado. Andika majina wanayoyataja wao, Kibondei au Kisambaa, kabla hujaandika la kwako. Mbegu utakazoziona zimetapakaa chini mara nyingi ni za msimu uliopita: zimepauka, zimetobolewa, nyingine ni maganda matupu. Zinazofaa ni zilizoanguka wiki hii, au zilizo ndani ya ganda lililokauka likiwa bado mtini.

Umeniuliza zipi. Nitakuambia ninazozijua kwa mikono yangu, na sitazipa zote nafasi sawa.

Ya kwanza kwangu ni komwe. Siku moja ya mapumziko shuka pwani, Pangani au Tanga, utaikuta kwenye vichaka vya juu ya mchanga: mkomwe, mmea unaotambaa wenye miiba inayokushika nguo kama mdai. Ganda lake nalo lina miiba, na ndani mna mbegu za kijivu, laini kama zimepigwa msasa, ukubwa wa gololi. Kila aliyecheza bao anazijua, maana ndizo kete zenyewe: 64 kwenye mashimo 32. Sisi watoto tulizisugua kwenye jiwe mpaka zikashika moto, halafu tukamgusisha nazo jirani shingoni. Kwa kazi ya picha hazina mpinzani. Ngozi yake ni ngumu, fukusi huishindwa, rangi haibadiliki, na zinaelea baharini miezi na miezi bila kuharibika, ndiyo maana huokotwa hata kwenye fukwe za mbali kabisa na kwao. Kuna kitu kingine nazipendea: zimeshazoea kushikwa na watu. Mzee akiona komwe kwenye picha yako haulizi hiki ni nini. Anaingiza mkono mfukoni. Kwa ubao mkubwa utahitaji 3,750 ukijaza pote, na nakuomba usijaze.

Ya pili ndiyo ile nyekundu yenye doa jeusi. Wengine huziita turituri, wengine tipitipi. Utaziona zimening'inia kwenye ua wa shamba, ganda limejikunja nje na mbegu zimebaki zimeshikilia kama shanga. Wamijikenda huzitia ndani ya kayamba, na sonara wa India wa zamani walipimia dhahabu kwa mbegu hizi kwa sababu hazitofautiani sana uzito. Ni nzuri mno, na ni sumu mbaya. Ikimezwa nzima mara nyingi hupita tumboni na kutoka ilivyoingia kwa sababu ya ngozi yake. Ikitafunwa, ikipasuka au ikitobolewa, kiasi kidogo tu kinaweza kuua mtoto. Mwaka 2011 huko Uingereza bangili za mbegu hizi zilizokuwa zimeuzwa madukani zilirudishwa kwa tangazo la haraka. Basi shuruti zangu ni hizi: usizitoboe wala kuzisaga, usifanyie kazi mezani mnapolia chakula, nawa mikono, hesabu mbegu unapofunga kazi jioni, na picha ikitundikwa mahali watoto wanapita iwe nyuma ya kioo. Kama nyumba ya ukaazi ina watoto wanaoingia na kutoka, ziache kabisa. Nyonyo, yaani mbegu ya mbarika, nayo ni ya kundi hilohilo, ijapokuwa madoa yake yanavutia kama kanga. Mnanaha usiuguse.

Mbambakofi, ambao bara wanauita mkongo. Ganda lake ni gumu kama ubao, likipasuka ndani mna mbegu nyeusi tii, kila moja imevaa kofia ya rangi ya chungwa iliyoiva. Ukiiona mara ya kwanza utadhani imetengenezwa na mtu. Hiyo kofia ndiyo sehemu laini: panya wanaipenda, unyevu unaiharibu, na juani rangi yake hufifia. Wauza vinyago huipaka vanishi nzito ing'ae. Mimi naiacha kavu na kumwambia mnunuzi wazi kwamba kofia itabadilika. Zikaushe kivulini, kamwe si juani, na uzitunze ndani ya kopo la bati lenye kifuniko.

Za mbuyu ni rahisi kupatikana bondeni, ila loweka usiku kucha na kusugua mpaka unga wote utoke, la sivyo sisimizi watakuandalia maonyesho yao. Na usinunue ubuyu mwekundu wa mtaani ukidhani umepata njia ya mkato. Ule umeshapikwa na sukari, hautakauka maisha. Mbegu za mkwaju ni nzuri, zina mng'ao wa kahawia, nazo zina fukusi kuliko unavyodhani. Za msufi ni nyeusi na ndogo, na utapata sufi ya bure ya kufungia kazi. Mvule una mbegu za milimita mbili tu ndani ya tunda laini ambalo popo hulila, na kuzitoa ni kazi ya mtu mwenye subira kuliko yangu.

Huko juu utaonyeshwa msambu, mti wa Usambara wenye matunda makubwa ya kahawia yanayoanguka yenyewe. Mbegu zake zimejaa mafuta, watu huzikusanya kwa ajili hiyo. Nzuri kwa kuangalia, lakini ukizibandika zitatoa mafuta pole pole mpaka karatasi au ubao upate mduara mweusi kila mbegu ilipokaa. Labda hilo ndilo unalolitaka! Rafiki yangu mmoja aliziweka juu ya karatasi nyeupe kwa mwezi, kisha akaziondoa na kutundika madoa peke yake. Ilikuwa kazi bora kuliko zote zilizokuwa pale.

Viwili vya kukwepa. Upupu: ganda lenye manyoya ya dhahabu, maridadi, linaloita mkono. Usikubali. Na gugu karoti, mmea wa maua madogo meupe unaosambaa barabarani, unaowasha ngozi, na ambao mbegu zake ni nyingi na ndogo kiasi kwamba ukiingia nazo kijijini ndani ya mfuko wako umewapandia watu balaa. Hapo nina ukali kidogo. Kule Baringo, Kenya, mathenge uliletwa miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa ya kuzuia jangwa. Mbuzi wakala maganda matamu, wakazipeleka mbegu kila mahali, na mwishowe wanakijiji wakaenda mahakamani Nairobi na mbuzi aliyeng'oka meno kama shahidi. Hata Amani penyewe, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, mti wa Maesopsis uliopandwa na watu ulitoroka ukaingia msitu wa asili, mbegu zikibebwa na ndege hondohondo. Msanii mwenye mfuko wa mbegu hana tofauti kubwa na hondohondo, isipokuwa hondohondo hapandi basi la kwenda Dar.

Kuhusu kosa la kuokota, aliyekutisha ana ukweli nusu. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, au msitu wowote wa hifadhi ya serikali, usiokote hata mbegu moja bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Wana ofisi palepale, nenda na barua ya wenyeji wako, eleza ni kazi ya sanaa na kiasi gani unataka. Nje ya hifadhi, ardhi ni ya kijiji au ya mtu. Siku ya kwanza nenda kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji ukajitambulishe, uliza kama kuna kamati ya maliasili na msitu wa kijiji, na kwenye shamba la mtu omba kwa mwenye shamba hata kama mbegu zenyewe anazifagia na kuzichoma. Uliza pia, kwa adabu, kama kuna kichaka cha matambiko. Kikiwepo, pita mbali, usiokote hata kijiti. Na kwenye mmea wowote wa porini shika kanuni ya wakusanyaji wa benki za mbegu: usichukue zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizoiva siku hiyo. Zilizobaki zina wenyewe.

Tunza kila aina kwenye bahasha yake ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki hufungia jasho. Juu andika jina la pale, mahali, tarehe, na aliyekuonyesha. Utaona uvivu jioni ya kwanza. Andika tu.

Kukausha ndiko kutakakokupa shida kwa hali ya hewa ile. Tandaza kwenye ungo au chekeche, tabaka moja, kivulini penye upepo, na saa kumi na moja jioni ingiza ndani kabla umande haujaanza. Jiko la kuni la nyumba ya jirani, juu darini ambako huning'inizwa mahindi, ni mahali pazuri kuliko chumba chako. Kujua kama zimekauka usihitaji mashine: chukua chumvi iliyokaushwa vizuri juani au kwenye kikaango, tia kijiko kimoja ndani ya chupa kavu ya kioo pamoja na konzi ya mbegu, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mbegu bado mbichi. Ikitiririka, endelea.

Kabla ya kukausha zijaribu kwenye maji pia: zilizotobolewa na tupu mara nyingi huelea, nzima huzama. Kasoro komwe, ambayo huelea hata ikiwa nzima, ndiyo kazi iliyoumbiwa.

Halafu fukusi. Sipulizi dawa, maana sitaki kuvuta sumu miezi mitatu nikiwa nimeinamia ubao. Dawa yangu ni friza. Mbegu zikishakauka kabisa zifunge kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, toa hewa, weka kwenye friza ya kawaida wiki mbili. Friza za majumba ya makumbusho zinafika chini zaidi na zinamaliza kwa wiki moja, ila za kwetu zina mlango unaofunguliwa kila dakika na umeme wenye mambo yake. Kijijini mtafute muuza barafu au mwenye bucha, mlipe kitu. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka upate joto la chumba, la sivyo ukungu wa maji utagandia kwenye mbegu na utarudi mwanzo kabisa wa kukausha. Wiki mbili za friza ziingize kwenye ratiba yako tangu sasa: maana yake mbegu zote kuu ziwe zimeokotwa ifikapo siku ya 18 au 20 hivi.

Na uzuri wa friza ni kwamba inaua mdudu na kuiacha mbegu. Mbegu nyingi zilizokauka vizuri haziogopi baridi. Benki ya Mbegu ya Milenia ya bustani za mimea za Kew, iliyofunguliwa Wakehurst, Uingereza, mwaka 2000, huzihifadhi kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na huko ndiko zinakotarajiwa kuishi miaka na miaka. Zisizostahimili ni zile zenye maji mengi zinazokufa zikikauka tu, kama za embe, parachichi na msambu. Hizo huwezi kuziweka hai kwenye picha hata ukiomba dua.

Ukichagua kuziua, usidhani maji ya moto yanatosha. Watu wa misitu humwagia mbegu za mgunga maji yaliyochemka kwa makusudi ili ziote haraka, kwa sababu joto hufungua ngozi ngumu. Ukizichovya kidogo umeziamsha. Kuua kwa hakika ni kuchemsha muda mrefu, na hapo rangi hubadilika na nyingine hupasuka, au kuzioka kwenye oveni zaidi ya nyuzi 100 kwa saa mbili ukitazama zisiungue. Jaribu 10 kwanza, halafu zipande kwenye pamba mbichi uone kama kuna iliyobisha. Kutoboa katikati kwa drili mara nyingi nako humaliza kiini, ila vaa barakoa na fanyia nje. Vumbi si jambo dogo. Msanii Ai Weiwei alipomwaga mbegu milioni 100 za kauri kwenye sakafu ya jumba la sanaa la Tate Modern, London, mwaka 2010, watu walikuwa waruhusiwe kutembea juu yake, na baada ya siku chache tu wakazuiwa kwa sababu ya vumbi lake. Ile haikuwa hata mbegu.

Gundi. Kwa picha ya kudumu, gundi nyeupe ya seremala inatosha, ukitandaza tabaka nene kiasi na kuikandamiza mbegu ndani yake, kwa kuwa mbegu ya mviringo inaugusa ubao mahali pamoja tu na hapo ndipo itakapobanduka. Komwe na turituri zina utelezi: zipitishe msasa mara mbili tatu upande wa chini, na turituri msasa wake uwe mwepesi sana na wa maji, usiikwangue ikatokea nyama. Achana na gundi za kukauka papo hapo, huacha ukungu mweupe pembeni. Uji wa ngano au wa muhogo ni mwaliko kwa mende. Kwa picha ya kubandua baadaye, tumia gundi ya utomvu wa mgunga, ile inayouzwa kwa vipande vya rangi ya asali. Huyeyuka kwenye maji tena. Udhaifu wake ni kwamba huvuta unyevu, kwa hiyo haifai kwa mbegu nzito wala kwa ukuta wa Mbagala wakati wa masika.

Ubao uwe plaiwudi ya milimita 12, umeupaka pande zote mbili usipinde. Kujua uzito, panga mbegu kwenye mraba wa sentimita 10 kwa 10, zipime kwenye mizani ya duka, zidisha kwa 100, ndio uzito wa mita moja ya mraba. Komwe zitakushangaza. Na kwa kuwa uko Tanga, fikiria gunia la mkonge badala ya ubao na kushona badala ya kubandika: uzi unapita pembeni mwa mbegu kama kikapu kidogo, hakuna gundi, hakuna tundu, na mbegu inatoka ikitakiwa. Mkonge wenyewe uliletwa Pangani mwaka 1893, na katika miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai. Ile hadithi ingefaa kuwepo kwenye kazi yako kuliko twiga yeyote.

Maana nitakusihi hilo: usinitengenezee twiga, wala ramani ya Afrika. Huko Minnesota, Marekani, wana mashindano ya picha za mbegu kwenye maonyesho ya kilimo ya jimbo tangu 1965, na watu kama Lillian Colton walitengeneza nyuso za watu maarufu kwa mbegu za mazao, mbegu moja moja, kwa ustadi wa kutisha. Nawavulia kofia. Lakini wao mbegu waliifanya rangi. Wewe umepewa wiki sita mahali mbegu zinapoanguka zenyewe. Mwangalie Mjerumani Wolfgang Laib, ambaye tangu miaka ya 1970 hukusanya chavua ya maua kuzunguka kijiji chake mwenyewe, mwaka hadi mwaka, kisha huichekecha sakafuni iwe mraba wa manjano tu. Hachori kitu nayo. Mwaka 2013 aliimwaga kwenye ukumbi wa jumba la sanaa la MoMA, New York, chavua aliyoikusanya miaka mingi. Pengine picha yako ni siku zako za kuokota, mstari mmoja kwa kila siku, siku ya mvua mstari mtupu. Zisikilize pia. Kila mbegu ndani ya ganda lake ina sauti yake ukiitikisa, kayamba limetufundisha hilo.

Ujerumani, basi. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa mbegu za kupandwa zinazoingia, hata kwenye begi la abiria. Kwetu kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Andaa orodha ya kila mbegu kwa jina la kisayansi, ndiyo faida ya zile bahasha, na wenyeji wako wa kule waulize mamlaka yao kabla hujakata tiketi, ukieleza kama zimeuawa au la na kwa njia gani. Afisa wa mpakani haoni tofauti kati ya mbegu mfu na hai, anaona mbegu. Usizifiche. Maria Thereza Alves, msanii wa Brazil, amefanya kazi miaka mingi na mbegu zilizosafiri ndani ya udongo na mawe ya kusawazishia meli, zikamwagwa kwenye bandari za Ulaya, nyingine zikaota baada ya muda mrefu sana. Wenzetu wanajua mbegu inaweza kufanya nini.

Kwa hiyo mimi ningesafiri bila mbegu. Tafuta kijijini mama mfinyanzi, muombe akufundishe kuandaa udongo, gandamiza mbegu zako kwenye vigae vibichi, ziondoe, kausha vigae na kuvichoma pamoja na vyungu vyake. Utakuwa na alama ya kila mbegu, mishipa ya ganda la mninga, duara la komwe, na hakuna wa kukuuliza cheti. Picha yenyewe ibaki Muheza au Dar.

Nami baada ya aibu ya fukusi nilifanya picha moja ya kubandua, mbambakofi 40 kwa gundi ya utomvu juu ya mbao za mashua. Ilikaa ukutani miaka miwili, kofia zikapauka zote zikawa rangi ya majivu. Nikailaza kwenye beseni usiku kucha, asubuhi mbegu zikawa zimejiachia zenyewe chini ya maji. Nikazikwangua ngozi kidogo kwa tupa, nikazipanda kwenye makopo ya maziwa. Zikaota 11. Tano nilimpa mzee mwenye shamba nilikoziokota, tatu mbuzi wakala, mbili zikakauka nikiwa safarini. Mmoja uko nyuma ya jiko letu, umenipita kimo kidogo. Bado haujatoa ganda.